Job Ikianza Kukula Mwili, Usitoke Kimya: Rada ya Sheria kwa Wasee wa Nyeri na Mitaa ya Mlima

Saa kumi alfajiri, mwezi wa saba, Nyeri town. Ukungu umeshuka kutoka Aberdare hadi taa za barabara zinaonekana kama mshumaa. Kwa geti la ploti moja hivi kuna soja ako ndani ya kibanda cha mabati. Amevaa makoti mawili, marvin imefika kwa nyusi, na katikati ya miguu kuna jiko la makaa. Mlango amefunga, dirisha ameliziba na gunia, juu baridi ya huko haichezi na mtu.

Kufika saa kumi na moja kichwa kinagonga. Anaskia kutapika. Anasema ni usingizi. Kesho yake anasema ni homa. Wiki ya pili anaambia beshte yake hii job imemshinda, anarudisha uniform, anaishia.

Huyo soja hana jina juu si mtu mmoja. Ukikaa Nyeri, Karatina, Naro Moru ama Nanyuki, lazima unajua msee kama yeye. Pengine hakuwa soja. Pengine alikuwa anapulizia maua dawa upande wa Timau, ama anasaga mahindi kwa posho mill vumbi imejaa kwa kope, ama anauza simu kwa duka la chini lenye ukuta umeota ukungu mweusi. Stori inaisha vile vile: mwili ukakataa, msee akajitoa, mdosi akaajiri mwingine wiki hiyo hiyo.

Hapo ndio tunapotezea. Sheria ya Kenya iko upande wako mapema kuliko vile unadhani. Haingoji ulale hospitali. Lakini inataka ufanye kitu kimoja: useme, na useme kwa maandishi, kabla hujatoka. Ukitoka kimya, kesi yako inatoka na wewe.

Ile gesi haina harufu

Tuanze na jiko, juu kila Juni hadi Agosti watu wa hali ya hewa wanatuonya kuhusu baridi ya huku juu, na kila mwaka makaa yanaingia ndani.

Makaa yakiungua mahali hakuna hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho kama moshi wa kuni. Ukiivuta inakaa kwa damu mahali oksijeni ilifaa kukaa. Kwanza ni kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Ukizidi kukaa unashikwa na usingizi mzito, na kuna wenye hawaamki.

Sasa kuna mtu atasema: si ni yeye aliwasha jiko? Kweli, aliwasha. Na sheria inamwambia mfanyakazi pia ajichunge. Lakini kuna swali lingine linafaa kuulizwa kwanza. Nani aliweka mtu kwa bati usiku mzima, kwa mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, bila njia nyingine ya kupata joto?

Angalia dalili moja yenye inasaidia kwa job yoyote. Ukiwa kazini kichwa kinauma, kifua kinabana, ngozi inawasha. Ukienda off siku mbili unakuwa fiti. Ukirudi, zinarudi. Mwili wako hapo unakuambia shida iko mahali, haiko kwako. Andika hizo tarehe. Baadaye zitakuwa na bei.

Sheria inaangalia mahali, si kikohozi chako pekee

Sheria yenyewe ni ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, wengi wanaiita OSHA. Kifungu cha 6 kinasema mwenye mahali pa kazi lazima ahakikishe usalama, afya na hali njema ya watu wote wanaofanya kazi pale.

Soma tena hapo kwa "watu wote". Haijasema wale ameandika peke yake. Hii ni muhimu sana kwa masoja. Msee ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, lakini analala macho kwa geti la mtu mwingine. Ukilalamika kwa kampuni wanakuambia kibanda ni cha landilodi. Ukienda kwa landilodi anakuambia wewe si mtu wake. Kila mmoja anakurushia mwenzake kama mpira. Lakini mwenye ploti hawezi kujitoa kirahisi hivyo, juu mahali ni pake. Na kampuni nayo haiwezi, juu wewe ni mtu wao. Wote wawili wako ndani.

Sheria hiyo hiyo inaenda hadi kwa vitu vidogo. Mahali pa kazi panafaa kuwa na hewa inayozunguka, mwanga wa kutosha na usafi. Inataja hadi nafasi: kila mtu anafaa kuwa na angalau mita 10 za ujazo. Kwa kazi ya maji maji ama ya kushika vitu vya kudhuru, mwajiri ndiye anatoa nguo za kujikinga zenye zinafaa. Gloves, buti na mask ya kazi ya dawa hazifai kutoka kwa mfuko wako.

Mahali pakiwa na wafanyakazi 20 kwenda juu, panafaa kuwa na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawe ndani. Kila miezi 12 panafaa kukaguliwa. Hebu jiulize: kwa job yako, hiyo kamati inakaa wapi? Ukiona watu wanaangaliana, umepata jibu.

Juu ya hayo yote kuna Katiba ya 2010. Ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Haijatenga kibarua, na haijasema ni ya watu wa ofisi za Nairobi.

Kifungu chenye mdosi hapendi uskie

Kama utakumbuka kitu kimoja hapa, kumbuka kifungu cha 14 cha OSHA. Kinasema ukiona hatari kubwa ama ya karibu kwa afya ama usalama wako, umwambie msimamizi mara moja. Na hadi hiyo shida irekebishwe, mwenye mahali hafai kukulazimisha urudi pale bado hatari iko.

Si ruhusa ya kukwepa job juu hujaskia kuamka. Lazima uwe na sababu ya maana, yenye mtu mwingine akiangalia ataona. Greenhouse imetoka kupuliziwa saa hii na unaambiwa uingie ukate maua, hiyo ni sababu. Kibanda chenye umezimia ndani wiki iliyopita, hiyo ni sababu. Baridi ya kawaida ya Nyeri na koti umepewa, hapo utakuwa unacheza.

Alafu kuna kifungu cha 8. Mwajiri hafai kukufuta ama kukuonea juu umelalamika kuhusu usalama. Kulalamika si utovu wa nidhamu, hata mdosi akipiga kelele aje.

Lakini hizi kinga mbili zinategemea kitu kimoja: kuwe na lalamishi. Kama uliongea na supervisor mkiwa wawili nyuma ya stoo, siku ya kesi atasema hamkuwahi bonga. Ndio maana tunarudi kwa kuandika.

Haihitaji Kizungu kigumu wala wakili. Hata WhatsApp inatosha kuanza, juu mahakama za Kenya zinakubali ushahidi wa elektroniki. Kitu kama hii:

"Bosi, leo tarehe 12 nikiwa kazini kibandani usiku niliumwa kichwa na kutapika. Ni mara ya tatu mwezi huu. Kibanda hakina hewa na hakuna joto lingine isipokuwa jiko. Naomba mahali salama pa kukaa usiku ama kibanda kirekebishwe. Kabla ya hapo naona ni hatari kwangu kurudi ndani."

Umetaja tarehe, mahali, dalili, sababu na kile unataka. Hujatukana mtu. Piga screenshot, tumia beshte mmoja ama jitumie kwa email. Simu inaweza potea, hasa hizi zetu.

Kwa nini kujitoa kimya kunakuuma wewe

Tunaelewa mbona wasee wanatoka tu. Job ni chache. Mji ni mdogo, mdosi wako anajuana na mdosi wa kesho. Karatina ukigombana na mtu Jumatatu, Jumatano soko lote linajua. Na ukiwa mgonjwa hauna nguvu ya kufuata mtu na makaratasi.

Lakini angalia hesabu. Ukiandika barua ya kuacha kazi inayosema "nimeacha kwa sababu zangu binafsi", kwa karatasi umejitoa kwa hiari. Kuna njia ya kusema ulilazimika kujiuzulu juu mwajiri aliharibu mambo, na Mahakama ya Rufaa iliweka vigezo vyake mwaka 2015 kwa kesi ya Coca Cola East and Central Africa. Lazima mwajiri awe amevunja mkataba kwa jambo zito, hilo jambo liwe ndilo lilikutoa, na usiwe ulikaa nalo muda mrefu kama mtu amekubali. Sasa bila maandishi yoyote, utaonyesha aje kwamba ni kibanda kilikutoa?

Saa nayo inatembea. Kesi ya kufutwa kazi vibaya iko na miaka 3. Lakini dai la fidia ya kuumia kazini ni la sheria ingine, WIBA ya 2007, na kwa ajali una miezi 12 peke yake. Wasee wengi wanakumbuka mwaka umeisha.

Hiyo WIBA ndiyo inasema mwajiri awe na bima ya wafanyakazi, na gharama ya matibabu ya ajali ya kazi ibebwe na yeye. Kwa hivyo ukiumia job alafu uambiwe utumie SHA yako ama uchangishe kwa grupu ya familia, mtu amekuruka. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, fidia inahesabiwa kutoka kwa mshahara wa miezi 96, kulingana na asilimia ya ulemavu wenyewe. Magonjwa yaliyoletwa na kazi pia yako ndani, si mkono uliokatwa na mashine tu.

Usikimbie kortini kwanza

Hapa wengi wanachomeka. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba WIBA iko sawa kikatiba, na madai ya kuumia kazini yanaanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kwa hakimu. Wakili akikuambia mfungue kesi ya fidia moja kwa moja, muulize kuhusu hiyo siku.

Njia iko hivi. Unamjulisha mwajiri. Mwajiri anafaa kuripoti kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7. Daktari anajaza sehemu yake. Mkurugenzi anaamua ni pesa ngapi. Usiporidhika una siku 60 za kupinga, na bado usiporidhika unaenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye iko na kituo hapo Nyeri. Huna haja ya kupanda matatu ya Nairobi.

Hii njia imefika hadi ng'ambo. Wachuma majani chai wa Kericho walishtaki kampuni ya James Finlay huko Scotland, wakisema kazi imewaharibu migongo na viungo. Novemba 2023 majaji wa rufaa wa Scotland waliisimamisha hiyo kesi, wakisema mfumo wa WIBA wa Kenya upewe nafasi kwanza. Kwa mtu wa Othaya ama Mukurwe-ini mwenye anabeba kikapu cha majani chai kila siku kwa mteremko, hiyo ni habari yake pia. Mgongo unaoisha polepole ni stori ya kazi kama vile kidole kilichokatwa.

Na kichwa je? Mwezi wa 12 mwaka 2024 ilitoka kwamba zaidi ya wasee 140 waliokuwa wanachuja video mbaya za Facebook kutoka Nairobi walipatikana na msongo wa baada ya kiwewe. Ripoti za daktari ziliwekwa kwa ile kesi dhidi ya Meta na Sama, na miezi mitatu kabla ya hapo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekubali Meta ishtakiwe hapa Kenya. Kesi yenyewe ni ndefu, lakini angalia kile wale wasee walifanya: walienda kwa daktari, ikaandikwa. Kama unafanya online job Nyeri ama Embu na usiku hulali juu ya vitu unaona kwa skrini, hiyo pia ni mahali pa kazi.

"Umekuwa mgonjwa sana, enda nyumbani"

Wengine hawajitoi. Wanatolewa. Kifua kinabana, unaomba off mara tatu, alafu unaitwa ofisini: kampuni haiwezi kukaa na mtu mgonjwa kila wiki.

Polepole hapo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya ugonjwa ukishafanya kazi miezi 2 mfululizo: angalau siku 7 za mshahara kamili na zingine 7 za nusu kwa mwaka, ukileta karatasi ya daktari. Na kabla ya kukufuta kwa sababu ya afya, kifungu cha 41 kinasema uelezwe sababu kwa lugha unaielewa, ukiwa na mwenzako wa kazi ama mtu wa chama, na usikizwe.

Mwaka 2013 mahakama ya kazi iliangalia kesi ya mfanyakazi wa kampuni ya ulinzi aliyetolewa kwa sababu ya afya. Korti ikasema mwajiri lazima aonyeshe alimsaidia mfanyakazi apone, na kabla ya kumtoa kuwe na maoni ya daktari kuhusu hali yake. Mdosi si daktari. Hawezi kukuangalia kwa mlango akasema umeisha.

Na je, unaweza kudai uhamishwe? Wacha tuseme ukweli. Hakuna kifungu kinachokupa tiketi ya kutoka Nyeri kwenda Mombasa juu una asthma. Lakini unaweza kuomba shift ya mchana, kitengo kingine ama tawi lingine, ukiambatanisha barua ya daktari yenye imetaja kile kinakuumiza: vumbi, baridi, dawa. Daktari akiandika "mgonjwa apumzike" haijasaidia sana. Akiandika "asifanye kazi kwenye vumbi", mdosi sasa anajua. Na akijua alafu akurudishe kwa hiyo vumbi, yeye ndiye amejifunga.

Mahali sheria inachechemea

Hatutakudanganya kwamba makaratasi yanaleta moto. Mwenye mahali akivunja ile kazi yake ya kifungu cha 6, anaweza kupigwa faini ama kufungwa, lakini adhabu yenyewe ina kikomo. Kuna makampuni hiyo ni pesa ya kusafisha magari. Na wakaguzi hawawezi kufika kwa kila kibanda kati ya Murang'a na Meru.

Lakini mkaguzi wa DOSHS akija iko na nguvu. Anaweza kuandikia mdosi notisi ya kurekebisha. Hatari ikiwa kubwa anaweza kupiga marufuku kazi pale hadi mambo yawekwe sawa. Na mtu wa kumwita ni wewe. Lalamishi la watu watano wameweka sahihi lina uzito kuliko la mmoja, na ni ngumu kufuta watano juu ya kusema ukweli. Kama kuna chama cha wafanyakazi kwa job yenu, hapo ndio mahali kadi inalipa.

Na kibarua usijitoe kwa hesabu. Sheria ya Ajira inasema ukifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja kwenda juu, unaweza kuhesabiwa kama mtu wa mkataba wa kawaida. Ile ya "wewe ni casual, hauna haki" imezeeka sana.

Rudi kwa kile kibanda

Sasa turudie ile saa kumi alfajiri. Soja ni yule yule, baridi ni ile ile. Kichwa kikianza kugonga, kwanza anafungua mlango na kutoa jiko nje, juu hakuna fidia inarudisha pumzi. Asubuhi anaenda zahanati na anaambia daktari: nilikuwa kazini, kibanda kimefungwa, kuna makaa. Anahakikisha hayo yameandikwa. Alafu anatuma ile meseji kwa supervisor, na anatumia mwenye ploti pia. Anapiga picha ya kibanda. Mwenzake wa shift ya mchana anaandika yake.

Pengine watamletea hita na kibanda chenye dirisha linafunguka. Pengine watamchukia. Lakini siku akiamua kuacha hiyo job, barua yake haitasema "sababu zangu binafsi". Itasema ukweli, na kwa simu yake kutakuwa na tarehe za kuuthibitisha.

Baridi ya Nyeri haina mwenyewe. Kibanda kina mwenyewe.